Kiti cha Safu ya Mwisho

Fundi alikuwa ameionyesha filamu ya profesa na mwandishi wa habari kwa miaka ishirini na mitatu, na kila mwaka ilimtisha zaidi. Hakumwambia mtu. Fundi sinema anayeogopa sinema ni kichekesho, na yeye hakupenda kuchekwa.

Filamu yenyewe ni ya zamani, nyeusi na nyeupe. Profesa, mwanasayansi mpole wa sura, anafungia watu maabarani na kuwapasua macho, eti aone vitu vya mwisho walivyovitazama. Mwandishi wa habari, binti mwenye kofia na daftari, anawatafuta waliopotea mpaka naye anajikuta kafungwa kwenye kitanda cha maabara. Watu waliipenda. Tajiri, mwenye ukumbi, aliirudisha kila mwaka kwa mwezi mzima, kila siku saa tisa alasiri, na viti vilijaa.

Mwaka huu macho ya Fundi mwenyewe yaliingia ukungu. Mtoto wa jicho, tena pande zote mbili. Muuguzi wa zahanati alimwambia ni upasuaji mdogo tu, asubuhi anaingia, mchana yuko nyumbani. Fundi aliposikia upasuaji alimwona profesa akiinua kisu. Alishukuru kwa adabu, akachukua karatasi ya kwenda hospitali, akaificha kazini ndani ya kopo la gundi.

Kazi aliendelea nayo kwa vidole. Kuuvisha mkanda kwenye mashine aliweza hata ukimfunika gunia. Taabu ilikuwa moja. Filamu ile huja katika magurudumu matano ya mkanda, na mashine ni mbili. Gurudumu likikaribia kwisha, kiduara kidogo hutokea kona ya juu ya pazia la picha, kufumba na kufumbua kimepotea. Hapo fundi huwasha mashine ya pili. Akikikosa, pazia linabaki jeupe na ukumbi mzima unapiga miluzi. Fundi hakukiona tena. Alikwenda kwa masikio: mlango ukilia, au mwandishi akisema neno fulani, anahesabu tatu, anawasha.

Sasa ikaletwa nakala nyingine, mkanda uliokatikakatika na kuungwa, nusu ya maneno hayapo. Siku ya kwanza pazia likawa jeupe mara mbili. Tajiri alipanda ngazi akihema.

"Fundi, ikitokea tena namleta mtu mwingine."

Siku ya pili alisimama kati ya mashine zake, jasho linamtoka, hajui awashe lini. Mara chini ya dirisha lake, katika safu ya mwisho, kiti kikagonga, ta, kama vinavyogonga viti vile vya kujikunja mtu anapoinuka. Mkono wake ukashtuka ukawasha. Picha ikaungana, mshono hauonekani. Ikawa hivyo mara nne, kesho yake mara nne, na siku zote zilizofuata.

Ungedhani angefurahi. Aliogopa zaidi. Safu ya mwisho ilikuwa imefungwa kwa kamba tangu paa lilipoanza kuvuja, na hakuna aliyekaa pale. Watu wakishatoka aliteremka kuvipapasa viti: vyote vitupu, kimoja kina joto. Nani aliijua siri yake? Na kama si mtu, kilikuwa kinamtakia nini?

Siku ya kumi na moja alishindwa kuvumilia. Gurudumu la tatu likiwa katikati, alivua viatu akateremka. Akaivuka kamba, akapapasa kiti kimoja, cha pili, cha tatu. Mbele profesa alikuwa anachagua visu. Mkono wa Fundi ukaangukia bega la mtu. Bega likaruka, na yeye roho ikamruka.

"Rudi juu," sauti ikanong'ona. "Alama inakuja palepale kwenye kisu. Usinisemeshe, nitafumba macho."

Alikuwa mkewe, mkata tiketi, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kuukanyaga mlango wa ukumbi siku ya filamu ya kutisha. Kile kiduara Fundi alimwonyesha mwenyewe enzi za uchumba, akijisifu.

Alipanda mbio. Kiti kikagonga. Akawasha.

Watu walipotoka alimkuta kwenye kibanda chake cha tiketi.

"Ulijua lini?"

"Siku ile uliposalimia koti langu mlangoni, ukaliuliza habari za kutwa. Halafu nikaiona karatasi kwenye kopo."

"Naogopa, mke wangu," akasema Fundi.

"Najua. Hata mimi naogopa. Lakini mimi nimekaa na profesa wako siku kumi, macho wazi. Wewe kaa na daktari wa hospitali asubuhi moja."

Juma lililofuata waliketi pamoja kwenye benchi la hospitali. Daktari alikuwa kijana mwenye mafua, hafanani na profesa hata kidogo, na bado Fundi alipoitwa aliogopa. Akaenda hivyo hivyo. Mlangoni aligeuka. Hata kwa ukungu ule, alimwona mkewe amejikunja pale kwenye benchi, viganja vimefunika uso. Leo hakuna aliyemhitaji atazame.