Jicho Alilolifumba Fundi Saa

Mume wangu ni fundi saa. Watu humwita Dakika, kwa sababu ukimpelekea saa atakwambia, "Nipe dakika moja tu," kisha anakuweka mpaka jioni. Kibanda chake kipo chini ya ngazi za jengo la maduka: meza, taa ya shingo ndefu na kabati la kioo lililojaa saa ambazo wenyewe hawakurudi. Kazi yake yote anaifanya kwa jicho moja. Kile kioo kidogo cha kukuzia anakibana kwenye jicho la kulia, la kushoto analifumba, na ndivyo alivyofanya tangu ujana wake. Akirudi nyumbani huyatumia yote mawili, au ndivyo nilivyodhani.

Siku moja mchana nilimpelekea chakula. Alikuwa ametoa kile kioo, springi ya saa ikamruka, ikampiga jicho la kulia, akalifunika kwa kitambaa. Akauliza, "Nani kazima taa?"

Taa ilikuwa inawaka, na jua lilikuwa limeingia hadi juu ya meza. Nikamwambia aache utani. Akafumbua jicho la kushoto kabisa, akanigeuzia uso, akasema kwa sauti ya chini, "Bibie, mbona giza?"

Daktari wa macho alisema ni presha ya macho. Huua jicho kimyakimya, bila maumivu. Mwingine angeweza kushtuka mapema, lakini huyu wangu alikuwa analifumba lile jicho kutwa nzima, miaka nenda miaka rudi, likafa naye hana habari. La kulia nalo lilikuwa limeanza kutoona pembeni. "Dawa ya matone inaweza kulizuia," daktari alisema, "ila siwezi kukuahidi." Dakika akamwuliza amebakiwa na muda gani. Daktari akasema hilo hajui, akaanza kuandika dawa.

Ndipo binti yetu alipoikumbuka safari. Tangu tuoane tulikuwa tunasema tutazunguka nchi jirani, tukilisema hilo kama watu wanavyosema watapunguza sukari. "Baba, nendeni sasa," alisema. Hakuna aliyeuliza kwa nini sasa.

Mimi napiga pasi hotelini, kwenye chumba cha kufulia kule nyuma. Wageni huacha vijitabu vya utalii vyumbani, nami nikavikusanya: mlima wenye theluji, mbuga ya tembo, ziwa la ndege wekundu, maporomoko ya maji. Likizo yangu isingetosha kwenda kote. Jioni moja nikavitandaza mezani tuchague. Dakika akaketi, akafumba macho, akasema, "Niambie picha ina nini."

"Si uangalie mwenyewe? Macho hayana pazia."

"Nimechoka. Niambie wewe."

Siku zile nilikuwa naogopa hata kubishana naye, basi nikamwambia. Mlima? "Ni mlima. Juu mweupe." Akasema, "Weka kando." Nilishangaa, maana huo mlima aliutaka tangu tulipokuwa wachumba. Ziwa? "Maji, na ndege wengi wenye miguu mirefu." "Weka kando." Tembo? "Tembo si unawajua?" "Weka kando." Hasira zikanipanda. Nikamwuliza kama anataka kusafiri au anataka kunitesa, kwa sababu hata mchumba hachaguliwi kwa maringo hayo. Nikaona vidole vyake vinapapasa meza kutafuta kijitabu kinachofuata, vidole vile vile vinavyokamata skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Hasira ikaniisha, nikabaki na hofu tupu.

Nikachukua kijitabu cha maporomoko. "Hapa mimi siendi," nikasema. "Kuna ngazi za mawe zimelowa, zinashuka ukingoni kabisa. Vishikio vya mbao, vimeota ukijani, sijui nani anaviamini. Kuna mwanamke amesimama pale, kamshika mtoto wake kola ya shati, wala haangalii maji, anaangalia miguu ya mtoto. Na hayo maji hayana chini. Yanaingia kwenye ukungu basi, huoni yanakoishia. Mtu akiteleza hapo, hata akipiga kelele nani atamsikia?"

"Twende hapo," Dakika akasema.

Nilifunga mizigo roho mkononi. Mpakani kulikuwa na watu wamejaa, mabegi, makuli, kila mtu anasukuma kuelekea dirisha la uhamiaji. Nilikuwa namsaidia mama mmoja kufunga begi lake lililokatika zipu, na nilipoinua kichwa nikamwona mume wangu anazungukazunguka, ananiita kwa sauti ya mtoto aliyepotea sokoni. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa, ila nilikuwa nimesimama upande wake wa kushoto. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, umelowa jasho, na hakuuachia mpaka tulipofika dirishani. Afisa akauliza tunakwenda kuona nini. "Mwulize mke wangu," Dakika akamjibu. Afisa akacheka, akatugongea mihuri.

Ngazi zilikuwa mbaya kuliko kwenye picha. Nilitangulia mimi, mkono wake begani kwangu, nikimwambia kila panapobonyea na kila panapoteleza. Tulipofika chini alisimama akayatazama yale maporomoko, akigeuza kichwa chote taratibu kutoka upande huu hadi upande ule, kwa sababu jicho lake halikuweza tena kuyachukua kwa mara moja. Aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akafumba.

"Haya, niambie."

"Si umeona?"

"Nimeona. Niambie, nikupime."

"Maji mengi," nikasema.

"Maji mengi hata bombani yapo."

Nilicheka, kisha nikaacha, maana nilianza kuelewa. Nikajaribu. Nikamwambia yanaanguka kama shuka ninavyoikung'uta kabla haijatua kwenye meza ya pasi, inajaa upepo katikati, halafu inalegea. Akafumbua jicho, akalinganisha, akafumba tena. "Sawa. Endelea." Nikamweleza mwamba mweusi unaoyagawa maji, na mti uliong'ang'ania pale juu, mizizi yake nje. Akafumbua, akaangalia.

"Upinde wa mvua hujausema."

Kweli ulikuwepo, umesimama mbele yetu wazi kabisa, nami sikuuona.

"Ule mlima uliniambia mweupe tu," akasema. "Tembo ukasema nawajua. Ulipofika kwenye picha ya hapa ukaogopa, na ulipoogopa nikaona kila kitu. Nikasema basi, tuanzie hapa ajifunze."

"Na matone ya daktari?"

"Natia kila siku. Lakini naogopa, mke wangu. Naogopa sana."

Hakuwahi kuniambia neno hilo tangu nimjue. Nikamwambia na mimi naogopa, tukasimama pale tumeshikana, nguo zimelowa ukungu. Kisha akafumba tena akasema niendelee.

Nikaendelea. Nilimweleza povu, mawe, watu waliokuwa ng'ambo na nguo walizovaa. Kila nikimaliza kitu nilingoja afumbue jicho ahakikishe kama nimesema kweli. Hakufumbua. Mimi ni mtu wa kupita njia nikipiga soga, nisijue hata ukuta wa jirani umepakwa rangi gani. Nilikodoa macho mpaka yakaniuma, nikatafuta kulia, nikatafuta kushoto, maana nisichokiona mimi naye hatakiona.