Breki za Mzee Idi

Nilifika Thika juu ya magunia ya mahindi. Lori lilitoka Kitale likiwa zima, likazimika Gilgil, likazimika tena kabla ya Limuru, na kila mara dereva alifungua boneti mimi nikamshikia spana. Tulipoingia Makongeni aliniambia, "Wewe usirudi nyumbani. Tafuta gareji." Nilikuwa nimemaliza sekondari juzi tu. Nikatafuta.

Foreman aliyenipokea alitoka Ngoingwa, mtu mpole mwenye sheria moja: spea kuukuu ikitolewa kwenye gari, inawekwa mkononi mwa mwenyewe. Wenye magari walikaa kutwa wakilinda, kwa hofu kwamba wakienda kunywa chai watabadilishiwa kitu kizima kwa kibovu. Wanalinda hata leo. Foreman hakuwafukuza. Aliwapa viti.

Baadaye alifungua uwanja mwingine wa gareji Kimbo, kule Ruiru, akanipeleka huko. Ndipo nilipomjua Mzee Idi, muuza mitumba, ambaye hakuketi katika gareji yoyote. Kuna gareji walimbadilishia alternator nzima, ile mashine ya kuchaji betri, kwa mbovu, na tangu hapo gari alilitengeneza mwenyewe nje ya nyumba yake. Oili, plagi, filta: kazi safi.

Asubuhi moja alikuja polepole sana, akaomba spana ya kumi.

"Breki zimekuwa laini. Nitoe hewa tu, kesho napeleka wajukuu harusini Mwingi."

Nilichungulia kopo la mafuta ya breki. Yalikuwa mekundu. Alikuwa ameongeza mafuta ya steringi, ambayo huvimbisha mipira ya breki mpaka breki zinakataa kabisa.

Foreman akasimama mbele ya gari. "Mzee, hii gari haitoki."

"Sijaleta gari. Nimeleta shida ya spana."

"Nitukane, lakini wajukuu hawapandi hii."

"Ndio mnichezee kama wale wengine?"

"Kai! Nani amesema tutaguza? Vua kanzu. Utafanya wewe, sisi tutakuonyesha."

Mafundi walicheka. Mzee hakucheka. Alilitazama gari, akaitazama barabara, akavua kanzu.

Alitoa mipira yote, imevimba kama mandazi. Tulimwonyesha kuosha paipu na kuweka mipira mipya. Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili: yeye chini akifungua nati, mimi ndani nikikanyaga pedali.

"Kanyaga! Shikilia!"

"Mzee, mguu umekufa ganzi."

"Wewe ni fundi ama ni abiria?"

Jioni pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Aliondoka na mipira yake mibovu ndani ya mfuko. Wajukuu walienda harusini, wakarudi.

Vijana wakiniuliza kama mtu ajitengenezee gari au apeleke gareji, huwaambia hivi: kitu kinachoweza kukuacha barabarani, jaribu mwenyewe. Breki na steringi, tafuta jicho la pili.

Magoti yangu yalipochoka kulala chini ya magari, na miguu ikaanza tena kutaka safari, niliaga. Ilikuwa Ijumaa. Nikiwa nafunga begi, Mzee Idi aliingia na gari linalolia steringi, akampa Foreman ufunguo.

Foreman akavuta kiti. "Karibu ulinde."

"Nilinde nini? Adhana imetoka."

Akaenda msikitini. Nilimtazama mpaka akakata kona, na hakugeuka hata mara moja kuangalia gari lake. Kisha nikachukua begi.