Sufuria Isiyochemka

Nyamizi Makoye hufuma masweta ya shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake Kihesa, mjini Iringa. Mashine ya kufuma haitaki mtu wa kuinuka kila mara kuchungulia jiko. Ukiiacha katikati ya mstari, uzi hulegea na sweta huonekana limefumwa na watu wawili. Ndiyo maana mwishoni mwa mwezi wa tano alinunua sufuria ya umeme ya kupikia polepole kwa jirani yake Naima, anayeuza vyombo vya mtumba. Ina ganda la chuma lenye waya, na ndani yake bakuli zito la udongo linalong'aa. Ikiwashwa saa mbili asubuhi, supu huwa tayari saa kumi alasiri, bila povu na bila kelele.

Sababu ya pili ya kuinunua hakuwaambia wengi. Alikuwa amepitisha miezi mitano bila kuona siku zake, na daktari akamweleza kwamba homoni zake haziko sawa. Pamoja na dawa alipewa mpango wa chakula wa miezi mitatu. Mtaalamu wa lishe aitwaye Liberatus aliuandika kwa mkono: maharage, nyama au samaki kila mlo, mboga za majani kwa wingi, wali mweupe, mkate na chai ya sukari viwekwe kando. Hakuahidi kitu. Alisema tu kwamba damu itapimwa tena mwishoni mwa mwezi wa nane, na kwamba mpango ukivunjwa katikati kipimo hicho hakitawaambia lolote.

Kuweka wali kando lilikuwa jambo zito kwa Nyamizi. Wazazi wake ni Wasukuma waliohamia Usangu na ng'ombe wao, kisha wakashika kilimo cha mpunga Ubaruku. Kila mavuno, mchele wa kwanza kutoka mashineni hugawiwa watoto, na baba yao, mzee Makoye, humpigia kila mmoja simu kumuuliza ameuonaje. Kwake yeye, mtoto asiyeula ameikataa nyumba.

Mwaka huu mchele uliletwa na mama mwenyewe, Kashindye, katika wiki ya saba ya mpango. Jioni ya kwanza Nyamizi alimpikia wali, akajipakulia supu ya miguu ya ng'ombe, akasingizia tumbo.

"Tumbo gani linalokataa mchele mpya na kukubali kongoro?" mama aliuliza.

Asubuhi Nyamizi alichukua nusu ya maharage mekundu aliyoyaloweka usiku, akayachemsha kwanza kwa moto mkali kwenye jiko la gesi, kwa sababu maharage hayo yakipikwa polepole tangu mwanzo humdhuru mlaji. Kisha akayahamishia kwenye bakuli pamoja na kongoro, karoti, kitunguu swaumu na tangawizi. Alikuwa na masweta ya kupeleka shuleni.

"Mama, hii iache. Itapika yenyewe."

"Yenyewe? Na mimi nifanye nini?"

"Upumzike."

Kashindye alipumzika saa nzima. Halafu akaweka sikio kwenye kifuniko, asisikie kitu. Akafunua: maji yametulia kama ya kisimani. Akafunika, akangoja, akafunua tena. Hakujua kwamba kila akifunua anairudisha supu nyuma. Alichokijua ni kwamba chakula kisichochemka hakiivi, na kwamba binti yake atarudi na njaa. Akalikagua bakuli. Lilikuwa la udongo, na amepikia vyungu maisha yake yote. Akawasha mkaa uani, akalichomoa bakuli kwenye ganda lake, akalibandika motoni.

Lilipasuka kabla hajamaliza kupepea.

Mlio huo ulimtoa Naima ndani. Babu zake walitoka Uzaramo, na Mzaramo akimwona Msukuma amekosea, utani hausubiri salamu.

"Shangazi! Umebandika bakuli la umeme kwenye mkaa?"

"Halikuwa linachemka."

"Nyie ng'ombe mnamvika kengele mjue alipo. Na sufuria mlitaka ilie?"

"Nyamaza, mla kachori. Niletee ufagio."

Nyamizi aliporudi saa sita alikuta vipande viwili vya bakuli, maharage kwenye majivu, na lile ganda la chuma ndani, taa yake ikiwaka, likipasha moto hewa tupu. Alichomoa waya wake ukutani, akaketi kizingitini, akalia.

"Nyamizi, chombo tu hicho," mama alisema. "Nitakununulia kingine."

"Silii chombo, Mama."

Akamwambia yote, kuanzia miezi mitano hadi karatasi ya Liberatus. Naima aliinua ufagio wake akaenda kwake bila kuaga.

"Inauma?" Kashindye aliuliza.

"Haiumi."

"Wali ndio ulioleta haya?"

"Hawajasema hivyo. Wamesema niuache hadi wapime."

"Lini?"

"Mwisho wa mwezi wa nane. Ila baba akipiga simu nitamwambia nini?"

Mama aliinuka. "Maharage mengine yapo?"

"Yapo. Niliyaloweka ya kesho."

Kashindye alikwenda mwenyewe buchani kununua kongoro jingine. Naima aliwaazima chungu chake, akisisitiza kwamba hicho hata Msukuma hawezi kukivunja. Maharage yalichemshwa kwanza kwa moto mkali. Mama alitaka kujua sababu, akaelezwa, akaridhika. Kisha akaufukia mkaa kwa majivu hadi ukabaki wekundu mdogo, akabandika chungu, akafunika. Alasiri yote alikaa kando yake akichambua majani ya figili, na hakufunua hata mara moja. Nyamizi alirudi kwenye mashine.

Saa moja jioni walikula, wote wawili, kutoka chungu kimoja. Kiroba cha mchele hakikuguswa. Supu ilikuwa nzito, maharage yamelainika ila hayajapondeka, na figili zilizotiwa mwishoni zilikuwa bado na rangi.

"Chumvi kidogo," mama alisema.

"Karatasi haijakataza chumvi."

"Basi ilete."

Simu iliita kabla hajainuka. Ilikuwa namba ya Ubaruku. Nyamizi aliitazama tu. Kashindye alifuta mkono kwenye kanga, akaichukua.

"Baba Nyamizi. Ndiyo, nimefika salama. Mchele hajaula." Akasikiliza. Sauti ya upande wa pili ilipanda, akaiacha hadi ikashuka yenyewe. "Hali mchele mpaka mwezi wa nane uishe. Usimuulize yeye. Nikirudi utaniuliza mimi."

Akakata simu, akaiweka kando ya chungu, akaomba tena chumvi.