Sahani za Mama Mastura

Zulhumor anachovya mkono kwenye ndoo ya maji, anatandaza donge la unga juu ya mto wa kitambaa, kisha anajitosa hadi mabegani ndani ya tanuri la udongo na kuubandika mkate ukutani. Nyuma yake, kati ya majengo mawili ya ghorofa pembezoni mwa jiji la Tashkent, kuna foleni ya wanunuzi wasio na haraka.

"Usituunguzie," anatania mzee mmoja.

"Ulioungua ndio wako, baba. Sijui kama meno yatauweza," anajibu, kichwa kikiwa bado tanurini.

Siku nzuri anauza mikate kama mia mbili, soum elfu nne kila mmoja, na unga nao umepanda bei. Lakini ukimuuliza habari za biashara, atakupa habari za mama mkwe wake.

Mama Mastura, ajuza wa miaka sabini na mbili, yuko kwenye benchi kando ya tanuri, ananyunyiza ufuta na kumsema kila apitaye. Mwaka jana wakati kama huu alikuwa amekwisha kufunga mizigo arudi kijijini, bonde la Fergana.

Mwanawe Ergash, fundi wa lifti na mumewe Zulhumor, ni kitinda mimba, na kitinda mimba ndiye anayekaa na mama. Hilo halina mjadala. Mama akiondoka, naye angemfuata, ingawa kule hakuna lifti hata moja ya kutengeneza. Zulhumor angebaki mjini na tanuri na watoto wawili wanaosoma.

"Nililia huku nakanda unga," anasema. "Wiki ile sikuhitaji chumvi."

Kisa kilikuwa sahani. Kijijini, tanuri likiwaka, mikate ya kwanza ni ya majirani, na sahani hairudi tupu. Hata kama ni konzi ya zabibu kavu, utaiweka. Mama Mastura alipohamia mjini aliwapelekea mikate majirani wa ngazi nzima, toka chini hadi juu. Baadhi ya sahani zilirudi zinang'aa, hazina kitu. Nyingine hazikurudi kabisa.

"Kwetu sahani tupu ni kumwambia mtu asije tena," anasema. "Nikaona huku hakuna watu, kuna milango tu."

Asubuhi ya safari akapanda ngazi kwenda kudai sahani zake. Ergash akamzuia. "Mama, achana nazo, nitakununulia nyingine."

"Kalia hizo zako. Mimi hizi niliolewa nazo."

Mlango wa kwanza alifungua Rimma, muuguzi wa Kitatari aliyekuwa ametoka zamu. Alipoambiwa kosa lake akashika mdomo. Kumbe alikuwa akizisugua sahani zile kwa heshima.

"Na hii ya mwisho nilitaka kuijaza kitu, nikabaki nayo tu, mama," akakiri. "Mkono mtupu haulambwi, na mimi hata yai naliunguza. Nikaona haya kuja."

"Si ungesema, mwanangu? Kwani nilikuja kuomba chakula? Haya, teleka chai."

Hapo ndipo safari ilipoharibika. Kila mlango ulikuwa na sahani yake na aibu yake, na kila aibu ikataka birika. Basi la kwenda kijijini likaondoka bila wao. Ergash alikaa juu ya mizigo mpaka jioni, mama yake aliposhuka na sahani zimejaa kokwa za jozi, sambusa na karoti za pilipili za Bi Kim wa ghorofa ya nne. Majirani watatu walimfuata, wamebeba zilizomshinda.

"Sijawahi kufurahi vile," anasema Zulhumor, "hata siku ya harusi. Harusini nilikuwa namwogopa huyu."

"Na ilikupasa," anajibu mkwewe.

Sasa Zulhumor anataka kujenga tanuri la pili, kule kijijini, ili msimu wa aprikoti ngazi nzima ikashinde huko. Ergash amekwisha kuzungumza na mwenye basi.

"Kule wanadhani tumepotea," anasema Zulhumor. "Nataka wawaone watu wetu."

Je, Mama Mastura atabaki hukohuko basi likirudi? Bibi anakung'uta ufuta mikononi.

"Nitabakije? Sahani yangu moja iko kwa Rimma."

Rimma, aliyeko kwenye foleni, anageuka. "Nilikurudishia juzi, mama. Na pilau juu."

"Katazame mlangoni kwako," anasema Mama Mastura. "Nimeiacha tena asubuhi."