Kikombe cha Asajile

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, naikumbuka hadi harufu yake: kuku wa kuchoma, moshi wa kuni mbichi, makoti yaliyolowa. Ilikuwa hapa Iringa, kabla ya Uhuru, katika hoteli ya Mama Yusta. Usicheke nikiiita hoteli. Ilikuwa mabenchi na bati tu, lakini watu walitoka mbali kufuata mchanganyiko wake wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, na pombe ya asali. Ulikuwa mtamu kama uji wa mtoto. Ukali wake uliujua ulipotaka kusimama.

Siku hiyo Asajile, fundi seremala wa Mbeya, alikuja kuniposa. Baba yangu alikwisha kufariki, kwa hiyo uamuzi ulikuwa wa baba mkubwa, na ndiye aliyetaka wakutane pale. Asajile alishinda kwenye lori tangu alfajiri, hajatia kitu tumboni. Chakula kilichelewa. Kinywaji hakikuchelewa.

Sasa sikiliza. Asajile alilelewa kwamba kubakiza kinywaji cha mkwe ni kumdharau, basi akamaliza. Sisi tulilelewa kwamba mgeni mwenye kikombe kitupu bado ana kiu, basi baba mkubwa akamjazia. Akamaliza tena. Akajaziwa tena. Kila mmoja alikuwa anamheshimu mwenzake! Nami nimekaa mkekani na shangazi, namkonyeza mpaka jicho linauma. Ananitabasamia tu, maskini.

Kuku alipoletwa, Asajile aliinuka awaamkie wazee kwa salamu ya kwetu niliyomfundisha mwenyewe.

"Kamwene, ba..."

Hakumaliza. Aliangukia meza, mchuzi ukammwagikia baba mkubwa kifuani, na Asajile akabaki chini anacheka peke yake.

Baba mkubwa alichukua kofia yake. "Mlevi siyo mkwe wangu. Yameisha."

Mama Yusta akaacha jiko. "Mzee, umemjaza mwenyewe, sasa unashangaa amefurika? Mbona hukumuuliza kama imemtosha?"

"Mwanamume anajua kipimo chake," akajibu, akatoka.

Asubuhi Asajile alikuja kuomba radhi, akasimama mlangoni kwetu mvua ikimnyeshea. Baba mkubwa hakumfungulia. Nilimwona kupitia dirisha akiondoka, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Baadaye dada yake aliniambia kwamba kinywaji cha siku ile ndicho kilichokuwa cha kwanza maishani mwake. Niliolewa na babu yako, mtu mwema, wala simlalamikii. Lakini nililia, mwanangu, na hadi leo mvua ikipiga bati usiniulize ninawaza nini.

Nimekusimulia kwa sababu Jumamosi unamleta kijana wako. Mwambie ale kwanza. Akitosheka aseme, "Asanteni, imenitosha," hakuna atakayemchukia. Nawe usikae kukonyeza kama mimi. Ukimwona mwenzako anaharibikiwa, fungua mdomo, hata mbele ya wazee, watakusamehe. Na siku na wewe utakapoletewa mkwe, usimhukumu mtoto wa watu kwa mlo mmoja.

Mungu awape nyumba ambayo watu wake wanaulizana. Hiyo Jumamosi nitammiminia kwa mkono wangu huu, na kabla sijajaza mara ya pili nitamuuliza.