Mapaja ya Kuku Mbele ya Mama Mkwe Mtarajiwa

Mama yake Neema alivuka jiji kutoka kitongoji cha Tumba hadi kwangu Akalla kuona kama ninafaa kumwoa binti yake. Nilimwahidi mapaja ya kuku yenye ngozi kavu ya kuvunjika mdomoni, kutoka kikaango changu kipya cha hewa ya moto, chenye droo mbili, kila moja na kitufe chake cha kuwashia.

Mashine ilinguruma dakika ishirini na tano. Nikavuta droo ya kulia: mapaja mabichi, ya baridi. Sikuelewa. Nikahoji umeme, kiwanda, hata kuku mwenyewe, kisha nikamweleza mama jinsi matangazo ya biashara yanavyotudanganya.

Alinisikiliza hadi mwisho, akavuta droo ya kushoto, akarudisha mkono haraka kwa joto. Ilikuwa tupu.

“Baba,” akauliza, “humu ulikuwa unampikia nani?”