Herufi Moja Kwenye Barua ya Wilaya

Matofali ya shule ile ya chumba kimoja waliyafyatua wazazi wenyewe, na Mwalimu akafundisha humo miaka thelathini na mmoja, hadi watu walipohama wakabaki wanafunzi wanne. Ndipo tarishi akaleta barua ya wilaya: "Shule imefugwa." Aliyetia saini alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, bingwa wa kumeza herufi. Mwalimu alichomoa kalamu nyekundu, akachomeka "n" mahali pake, akamrudishia tarishi barua.

"Kamwambie shule hufungwa. Wanaofugwa ni mbuzi."

Mwaka uliofuata Mwalimu alipita pale, akakuta mlango umeng'olewa na mbuzi wa jirani wamejilaza chini ya ubao, wanacheua. Kumbe ile "n" ndiyo iliyokuwa kosa.